Mwalimu Mgeni Katika Ghuba ya Port Bell: Kiswahili, Hati Mbili na Darasa la Kabaka Mutesa I

Ikisiri

Nchini Uganda kumezoeleka kusemwa kwamba Kiswahili kiliingia kwa mtutu wa bunduki, na kwamba tangu hapo kimekuwa lugha ya askari, ya mlinzi wa lango na ya mhalifu. Makala haya yanaihoji simulizi hiyo kwa kurejea katika ghuba ambamo leo ipo bandari ya Port Bell, na kuwachunguza wageni waliofundisha katika baraza la Kabaka kabla ya kuwapo kwa serikali ya kikoloni. Yanamwangalia kwa karibu Dallington Scopion Maftaa, kijana aliyesomea shule ya misheni Unguja, ambaye mwaka 1875 aliachwa Buganda awe msomaji na mwandishi wa Kabaka Mutesa I. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kilipata heshima yake ya kwanza Buganda kikiwa lugha ya kitabu, na kwamba walimu waliokipa heshima hiyo walikuwa wageni waliofanya kazi bila mkataba, bila mshahara na bila uhuru wa kuondoka. Kusahauliwa kwao kumechangia kusahauliwa kwa historia ya lugha yenyewe.

1.0 Utangulizi

Port Bell ipo Luzira, kusini-mashariki ya Kampala, mwishoni mwa mkono mwembamba wa Ziwa Viktoria. Bandari hiyo ilipewa jina la Hesketh Bell, aliyeiongoza Uganda tangu 1906, kwanza akiwa Kamishna na baadaye Gavana, hadi 1909. Reli iliyoanzia Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo abiria na mizigo ya Kampala ilivuka ziwa kwa meli. Mpaka reli ya nchi kavu ilipofika Kampala mwaka 1931, gati la Port Bell lilikuwa miongoni mwa malango makuu ya nchi. Karani, fundi, mfanyabiashara na mwalimu waliotoka pwani walikanyaga hapo ardhi ya Buganda kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo, ghuba ni kongwe kuliko gati. Mwaka 1862 John Hanning Speke aliipa jina la mwanajiolojia Roderick Murchison, na ramani zimelishika jina hilo. Upande wa pili wa maji, magharibi ya Port Bell, kuna Busabala, mahali ambapo Kabaka Mutesa I alikuwa na makazi ya kando ya ziwa. Ni hapo ambapo Henry Morton Stanley alipokewa mwezi Aprili 1875. Katika kitabu chake cha 1878 Stanley anapaita mahali hapo Usavara.

Tofauti ya Busabala na Usavara ni ndogo kwa macho, lakini ina uzito kwa mwanaisimu. Kiambishi cha Kiganda Bu- kimeachwa na kile cha Kiswahili U- kimeshika nafasi yake. Mabadiliko hayohayo yaliigeuza Buganda kuwa Uganda, Busoga kuwa Usoga na Bunyoro kuwa Unyoro katika maandishi ya wasafiri wa karne ya 19. Msafiri Mzungu aliandika alichokisikia, na alichokisikia kilitoka kinywani mwa mkalimani, mpagazi au mfanyabiashara wa pwani. Kwa maneno mengine, nchi ambayo mara nyingi imekikataa Kiswahili inajulikana duniani kwa jina lililopita katika ulimi wa Waswahili. Jina hilo lilikuwapo vitabuni kabla ya askari wa kwanza wa kikoloni kufika.

Ushahidi huo wa jina unazua swali ambalo makala haya yanalishughulikia: ikiwa Kiswahili kilikuwapo Buganda kabla ya majeshi, nani alikuwa amekileta, na kilikuwa na kazi gani? Jibu linapatikana kwa kumtazama mtu ambaye historia ya Uganda humtaja kwa kupita tu, yaani mwalimu mgeni.

2.0 Darasa kabla ya shule, 1844–1875

Waislamu wa Uganda wanauhesabu mwaka 1844 kuwa mwaka ambao dini yao iliingia Buganda. Mwaka huo unahusishwa na mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim, aliyefika katika baraza la Kabaka Suuna II. Mapokeo yaliyohifadhiwa na waandishi wa Kiganda yanaeleza kwamba Ahmed alipowaona watu wakiuawa kwa amri ya Kabaka, alisimama na kusema kuwa watu hao wameumbwa na Mungu, na kwamba hata ufalme wa Suuna umetoka kwake. Suuna, badala ya kumwadhibu, alitaka kujua huyo Mungu ni nani. Hivyo somo la kwanza la kigeni katika baraza la Buganda lilianza kwa swali la mfalme.

Tukio hilo linaonyesha sifa mbili zilizoendelea kwa miongo mitatu. Kwanza, aliyefundisha hakuwa mwalimu kwa kazi. Alikuja kutafuta pembe za ndovu, na elimu aliyokuwa nayo ilikuwa ile ya mtu mzima yeyote wa pwani aliyepita chuoni akiwa mtoto: kuisoma Kurani, kuswali, kuandika barua na kuweka hesabu. Pili, mwanafunzi ndiye aliyekuwa na mamlaka juu ya mwalimu. Mfalme ndiye aliyepanga saa ya kufundishwa, alilolitaka na aliyepaswa kulisikia.

Suuna alifariki mwaka 1856 na kurithiwa na Mutesa I. Chini ya Mutesa masomo hayo yaligeuka kuwa jambo la dola. Kwa karibu miaka kumi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1860, Kabaka alifunga mwezi wa Ramadhani, akaamuru watu wake wafunge, akajenga msikiti na kuingiza kalenda ya Kiislamu katika baraza. Yeye mwenyewe alijifunza kusoma Kiarabu na kuzungumza Kiswahili. Stanley anamtaja Muley bin Salim kuwa ndiye mwalimu aliyemvuta katika dini hiyo. Karibu na kiti cha enzi walikuwapo pia vijana wa kasri, wale ambao Waganda huwaita abagalagala, nao walijifunza pamoja na bwana wao na mara nyingine wakamzidi.

Katika darasa hilo lugha ziligawana kazi. Kiarabu kilikuwa lugha ya matini takatifu, nacho kilisomwa kwa sauti na kuhifadhiwa. Kiswahili kilikuwa lugha ya kufafanua na kujadiliana, kwa kuwa ndiyo iliyowaunganisha wageni wa asili mbalimbali na wenyeji waliojifunza kwao. Kiganda kilikuwa lugha ya kupelekea maneno hayo kwa watu wengine. Msamiati wa Kiganda wa leo bado unaubeba ushahidi wa mgawanyo huo. Kitabu ni ekitabo, kalamu ni ekkalaamu, wino ni bwino, dini ni eddiini, msikiti ni omuzikiti, na mwalimu wa Kiislamu ni omuwalimu. Mengi ya maneno hayo yana asili ya Kiarabu, lakini maumbo yake yanaonyesha njia yaliyopitia. Hayo ni maneno ya mtu aliyeketi chini kujifunza. Hayakutoka katika gwaride.

Katikati ya miaka ya 1870 darasa hilo liliingia katika msiba. Baadhi ya vijana walioisoma dini kwa makini walianza kukataa nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa Kabaka na kukataa kuswali nyuma ya mfalme ambaye hakutahiriwa. Waislamu waliotoka kaskazini, upande wa Misri na Sudan, walikuwa wameukosoa utaratibu wa dini barazani, na ukosoaji wao uliwapa vijana hoja. Mutesa alitambua kwamba elimu aliyoiingiza mwenyewe ilikuwa imezaa mamlaka mengine ndani ya kasri lake. Makumi ya vijana waliuawa kwa moto Namugongo. Mahali hapo panajulikana zaidi kwa mashahidi Wakristo waliokufa mwaka 1886, lakini wasomaji wa kwanza kufa hapo kwa ajili ya kitabu walikuwa Waislamu, na elimu waliyofia waliipata kwa walimu waliotoka mbali.

3.0 Mwalimu aliyeachwa

Stanley aliingia katika mazingira hayo mwaka 1875. Barua yake ya mwezi Aprili, iliyochapishwa London mwezi Novemba mwaka huo katika gazeti la Daily Telegraph, iliwaomba Waingereza wapeleke walimu wa dini na wa kazi za mikono kwa Mutesa. Barua hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa chanzo cha elimu ya kimisionari nchini Uganda. Lakini wakati wasomaji wa London walipokuwa wakiisoma, Mutesa alikuwa tayari na mwalimu.

Mwalimu huyo alikuwa Dallington Scopion Maftaa, kijana aliyesafiri katika msafara wa Stanley kutoka Unguja. Alikuwa amesomea katika shule ya Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Misheni hiyo ilihamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer, na wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Shuleni walipewa majina mapya, dini mpya, na lugha mbili ambazo kwa wengi wao hazikuwa za mama: Kiingereza na Kiswahili. Edward Steere, aliyekuja na Tozer na kuwa askofu mwaka 1874, ndiye aliyeifanya lahaja ya Unguja kuwa lugha ya vitabu vya misheni, na mwongozo wake wa lugha ulitoka mwaka 1870. Dallington alikuwa zao la mradi huo. Kabla ya kufika Buganda alikuwa tayari mgeni katika lugha aliyokuja kuifundisha.

Stanley aliporudi kwa Mutesa mwezi Agosti 1875, alimkuta Kabaka vitani dhidi ya Wavuma, karibu na mahali ambapo maji ya ziwa huingia mto Nile. Katika kambi hiyo ya vita kazi ya kutafsiri ilianza. Stanley anaeleza kwamba yeye, akisaidiwa na Dallington, alitoa muhtasari wa Biblia kwa Kiswahili kuanzia Uumbaji hadi Kusulubiwa, pamoja na Injili nzima ya Luka. Idi, mwandishi wa Kabaka, aliinakili kazi hiyo juu ya mbao nyembamba nyeupe zilizosuguliwa vizuri, za aina ambayo Mutesa alizitumia kuwekea kumbukumbu za mazungumzo yake na wageni.

Vita vilipokwisha na Stanley akawa tayari kuendelea na safari, Mutesa alitaka abakiziwe mtu wa kumsomea. Dallington akatolewa katika utumishi wa msafara ili abaki, hadi hapo Ulaya itakapomleta mchungaji wa kweli. Neno “hadi” lina maana kubwa hapa. Dallington aliachwa akiwa mwalimu wa kukaimu, mtu wa kukishika kiti cha mwingine asiyejulikana jina wala siku yake ya kufika. Kiti hicho alikishika kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. C. T. Wilson na Shergold Smith wa Shirika la Misheni la Kanisa walifika Rubaga mwishoni mwa Juni 1877, na Alexander Mackay akafika Novemba 1878.

Kazi yake haikuishia katika kusoma Biblia. Mutesa alikuwa amebanwa kutoka kaskazini na dola ya Misri. Charles Gordon, akimtumikia Khedive Ismail, alikuwa akisogeza vituo vyake kuelekea maziwa makuu, na mwaka 1876 kikosi cha askari wa Misri kilifika Rubaga kwenyewe. Mtu wa kuandika barua kwa Kiingereza katika hali hiyo alikuwa na thamani sawa na kikosi cha wapiganaji. Barua za Kiingereza zilizotoka kwa Mutesa katika miaka hiyo, kwa Gordon na kwa wamisionari waliokuwa njiani Ukerewe, ziliandikwa kwa mkono wa Dallington. Kiingereza chake kilikuwa cha mwanafunzi, chenye tahajia za kujikokota, lakini kilifikisha ujumbe. Hati za mwanzo za kidiplomasia za Buganda kwa lugha hiyo ni kazi ya kijana wa shule ya Unguja.

4.0 Lugha moja, hati mbili

Uhusiano wa Dallington na Idi unastahili kuangaliwa peke yake, kwa kuwa unafichua jambo ambalo historia ya Kiswahili hulizungumzia kwa nadra. Wote wawili walitumia Kiswahili. Idi, kama waandishi wote wa pwani wa wakati wake, alitumia hati za Kiarabu. Dallington alifundishwa hati za Kirumi. Matini moja ilipita mikononi mwao wote: ikatoka katika Kiingereza, ikawa Kiswahili katika ulimi wa Dallington, kisha ikaandikwa na Idi kwa herufi ambazo Kabaka aliweza kuzisoma.

Hivyo sura hizo za Biblia zilifika Buganda zikiwa katika Kiswahili kilichovaa hati za Kiarabu. Hilo halikuwa na ajabu kwa waliokuwapo. Mutesa alikuwa amekwisha kusoma kwa mwalimu Mwislamu, na hati hiyo ndiyo aliyoifahamu. Elimu ya Kikristo ilijengwa juu ya ukuta uliosimamishwa na elimu ya Kiislamu, kwa lugha ileile na mwanzoni hata kwa kalamu ileile. Simulizi zinazozitenga elimu hizi mbili kana kwamba moja ilianza baada ya nyingine kufutika zinausahau ubao wa Idi.

Ushirikiano huo haukudumu. Mackay aliendelea kutumia Kiswahili barazani, akasoma Maandiko kwa lugha hiyo mbele ya Kabaka, lakini alichonga herufi za Kirumi za mbao na kuchapisha kurasa za kujifunzia kusoma. Herufi zilizochapwa zilienea haraka kuliko ubao ulioandikwa kwa mkono. Vijana wa kasri waliokuwa wakijifunza walianza kutambulikana kwa hati waliyoishika. Waliosoma herufi za Kiarabu walihesabiwa upande mmoja, na waliosoma herufi za Kirumi upande mwingine, ambao nao uligawanyika baada ya mapadri wa Kifaransa, Lourdel na mwenzake Amans, kufika mwaka 1879. Katika Kiganda neno okusoma lilipata maana pana ya kufuata dini, na abasomi wakawa waumini pamoja na kuwa wasomaji. Makundi hayo ndiyo yaliyopigania kiti cha enzi kati ya 1888 na 1892. Mpaka wa kisiasa ulichorwa juu ya mpaka wa madarasa.

5.0 Mgeni, mwenyeji na ruhusa ya kuondoka

Je, maisha ya mwalimu huyo yalikuwaje? Vyanzo havikuandikwa ili kujibu swali hilo, lakini vinaacha alama za kutosha kuchora mipaka ya hali yake.

Mpaka wa kwanza ni umbali. Msafara wa Stanley uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 na kuliona ziwa tarehe 27 Februari 1875, safari ya siku 103 kabla ya kuvuka maji. Dallington asingeweza kurudi Unguja peke yake. Njia ilihitaji msafara, vitambaa vya hongo na watu wenye silaha, na vyote hivyo vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara ambao hawakuwa na sababu ya kumsaidia mshindani wao wa dini.

Mpaka wa pili ni ruhusa. Katika Buganda ya Mutesa mgeni hakuingia wala kutoka bila neno la Kabaka. Speke, aliyekuwa na bunduki, zawadi na jina, alikaa karibu miezi mitano mwaka 1862 akiomba ruhusa ya kuondoka. Wamisionari waliofuata walilalamika vivyo hivyo. Ikiwa wageni wenye serikali na mashirika nyuma yao walisubiri kwa miezi, kijana aliyeachwa na msafara asingekuwa na la kufanya. Alikuwa mgeni wa heshima, na papo hapo alikuwa mateka asiyefungwa kamba.

Mpaka wa tatu ni riziki. Hakuna aliyemlipa mshahara. Chakula, nyumba na nafasi yake barazani vilitegemea kuridhika kwa mtu mmoja. Mutesa aliwasikiliza Waislamu, Waprotestanti na baadaye Wakatoliki kwa zamu, akipima faida ya kila upande. Siku Kabaka alipopendezwa na Biblia, mwalimu alikuwa karibu na kiti. Siku alipogeuka, mwalimu alibaki na mbao zake.

Mpaka wa nne ni jina. Katika maandishi ya wamisionari waliomfuata, mtu huyu anaitwa Mufta, na huelezwa kuwa kijana wa Stanley. Walikiri kwamba alikuwa akimsomea Kabaka Biblia kwa Kiswahili na kumfasiria. Wakatumia njia aliyoifungua, na huku wakimhesabu kuwa mtumishi wa mtu mwingine. Maelezo hayo yamenakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu. Historia ya elimu Uganda huanza na barua ya Stanley na kurukia kuwasili kwa Wilson. Kati ya hapo kuna miezi mingi ambayo darasa lilikuwa wazi na mwalimu alikuwa kazini.

Hali hii haikuwa ya Dallington pekee, wala haijaisha. Mwafrika Mashariki anayekwenda leo kufundisha katika nchi za Ghuba anakutana na mfumo wa kafala, ambao kwa desturi yake umefungamanisha ukaazi wa mfanyakazi wa kigeni na mdhamini wake. Nyakati zimebadilika: mkataba upo, mshahara upo, ndege ipo. Lakini swali la msingi ni lilelile lililomkabili kijana wa Rubaga: mwalimu anaweza kufundisha kwa uhuru kiasi gani, ikiwa yule anayemfundishia ndiye pia mwenye ufunguo wa mlango?

6.0 Kutoka darasani hadi gatini

Inabaki kueleza jinsi kumbukumbu ya lugha ya darasa ilivyofunikwa na ile ya lugha ya bunduki. Mambo matatu yalichangia.

La kwanza ni ushindi wa Kiganda katika kitabu. Wamisionari walitambua kwamba kuwafikia watu nje ya kasri kulihitaji lugha yao. Biblia nzima ya Kiganda, iliyoongozwa na George Pilkington, ilikamilika mwaka 1896, na wainjilisti wa Kiganda wakaibeba hadi Busoga, Bunyoro na Ankole. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Matokeo yake yalikuwa kwamba Kiswahili kilipoteza kazi yake ya shule katika kizazi kimoja.

La pili ni kubadilika kwa wasemaji wake. Mwaka 1891 Frederick Lugard aliwaleta Wasudani waliokuwa askari wa Emin Pasha, na kuanzia 1902 kikosi cha King's African Rifles kilikusanya watu wa makabila mengi chini ya amri za Kiswahili. Polisi na magereza vilifuata. Luzira, jirani ya Port Bell, ilipata jela kuu ya nchi, na Kiswahili kikasikika pande zote mbili za ukuta wake. Gatini penyewe lugha hiyo iliunganisha makuli, mabaharia na wafanyakazi wa reli kutoka Kisumu, Mwanza na Bukoba. Ilikuwa lugha ya kazi yenye jasho, lakini tabaka la wasomi halikuihesabu kazi hiyo kuwa elimu.

La tatu ni siasa ya ukoloni. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala. Kabaka Daudi Chwa na viongozi wa makanisa walipinga, wakihofia kwamba lugha hiyo ingeivuta Buganda katika muungano na Kenya, ambako walowezi walishika ardhi. Hofu hiyo ilikuwa na msingi wake. Lakini katika mjadala huo Kiswahili kilielezwa kuwa kitu kigeni kinacholetwa kwa mara ya kwanza, na hivyo Daudi Chwa, mjukuu wa Mutesa, akakikataa kama cha kigeni kile ambacho babu yake alikisomea. Utawala wa Idi Amin, uliokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, ulikaza fundo hilo, kwa kuwa tangazo lilitoka kinywani mwa wanajeshi.

Bila ya kuyakumbuka mambo haya, juhudi za leo zitaendelea kukutana na ukuta uleule. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Maamuzi hayo yanahitaji walimu, na kwa sehemu walimu hao watatoka nje ya nchi, kama ilivyokuwa mwanzo. Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, inawafungulia mlango. Namna watakavyopokelewa ni jambo ambalo historia inaweza kulisemea.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba katika ghuba ya Port Bell Kiswahili kilifika kwanza kikiwa na ubao na kalamu. Wafanyabiashara waliofundisha bila kuitwa walimu walikiweka kando ya Kurani. Dallington Maftaa na Idi wakakiweka kando ya Injili. Na Kabaka Mutesa I akakitumia kuwahoji wageni wake wote. Bunduki zilikuja baadaye na kukikuta hapo.

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, historia ya elimu inayofundishwa nchini Uganda iupe nafasi muda wa kati ya 1844 na 1877, ikiwataja walimu Waislamu wa baraza pamoja na Dallington kwa majina yao, ili mwanafunzi wa Kiswahili ajue kuwa anarudi katika darasa lililokwisha kuwapo. Pili, mipango ya kuwapokea walimu wa Kiswahili kutoka nchi jirani ihakikishe mkataba, malipo na haki ya kuondoka, kwa sababu darasa linalosimama juu ya hisani ya mtu mmoja huanguka siku hisani hiyo inapokwisha.

Bandari ina jina la gavana, na ghuba ina jina la mwanajiolojia ambaye hakuwahi kuyaona maji yake. Dallington Maftaa, aliyebaki upande wa pili wa maji hayo ili mfalme apate wa kumsomea, bado hana mahali penye jina lake.